Pesa ya Rali Ianzie Shingoni: Kuandaa Gari Salama kwa Bajeti Ndogo

Mtu akiamua kuingia rali, maneno ya kwanza gereji huwa ni injini. Afunge turbo? Abadilishe kamshafti? Apanue egzosi? Yote hayo yanaweza kungoja msimu mzima. Injini ya kiwandani yenye oili mpya, rejeta safi na plagi nzima itamaliza mashindano. Dereva mwenye helmeti ya bodaboda hatapita hata ukaguzi, na akipita kwa uzembe wa mkaguzi, hapo ndipo balaa lake linapoanza.

Mfano upo nyumbani. Joginder Singh, dereva wa Kenya, na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Joginder akaja kushinda tena 1974 na 1976. Gari kuukuu lililoandaliwa kwa mikono yenye subira hufika. Gari jipya lililoandaliwa usiku wa kuamkia mashindano huvutwa kwa kamba.

Mwongozo huu unamlenga anayeanza mashindano ya klabu au ya taifa Afrika Mashariki kwa saluni ndogo isiyo na turbo, injini ya lita 1.6 hadi 2.0, inayovutwa na tairi mbili. Bei ni makadirio ya madukani Ulaya kwa dola za Marekani, maana vifaa vingi huagizwa huko. Kwa hesabu ya kupanga, ongeza nusu ya bei kwa usafiri, ushuru na VAT (asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania na Uganda). Ikibaki chenji, itanunua tairi.

Kabla ya kununua hata boliti, chukua kanuni za mwaka huu kutoka kwa wasimamizi wa nchi yako: Kenya Motor Sports Federation, shirikisho la klabu za Uganda (FMU), Automobile Association of Tanzania, au klabu za magari za Rwanda na Burundi. Msingi wa kanuni za usalama wa gari la rali ni Kiambatisho J cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari), ibara ya 253. Mashindano madogo kama autokrosi huweza kulegeza baadhi ya masharti. Ukiambiwa "hiyo hatuiangalii sana", omba jibu kwa maandishi, kwa sababu anayekwambia hivyo leo huenda asiwe mkaguzi siku ya Jumamosi.

Shingo na kichwa

Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, helmeti kilo moja na nusu. Gari likisimama ghafla kwa nguvu ya g 50 (mara 50 ya mvuto wa dunia), kichwa na helmeti huvuta shingo kwa uzito wa zaidi ya kilo 300, huku mabega yakiwa yamefungwa na mikanda. Ndiyo maana kuna HANS, kola inayokaa mabegani chini ya mikanda na kuishika helmeti kwa kamba mbili. Dale Earnhardt, dereva wa mbio za NASCAR za Marekani, alipofariki Daytona mwaka 2001 kwa kuvunjika tako la fuvu, hakuwa ameivaa. Formula 1 iliilazimisha mwaka 2003, rali ya dunia mwaka 2005.

Helmeti itafutwe kwa lebo, si kwa rangi. Kubali FIA 8859-2015 au mpya zaidi, FIA 8860, au SA2020 ya Snell, taasisi ya Marekani ya kupima helmeti, pale kanuni zako zinapoiruhusu. Herufi SA ina maana yake: helmeti hizo hupimwa kwa moto na kwa kugongwa mara kwa mara na bomba la keji (fremu ya mabomba inayokinga kabini). Helmeti za pikipiki zenye herufi M hazipimwi hayo. FIA huchapisha kwenye tovuti yake orodha za vifaa vyote vilivyopitishwa, bure. Linganisha namba ya lebo na orodha kabla ya kulipa, kwa kuwa helmeti na mikanda bandia vyenye lebo za kuvutia vimejaa mtandaoni.

Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, sentimita mbili au tatu juu ya nyusi. Vaa helmeti ukiwa na soksi ya kichwa isiyoshika moto, funga kamba ya kidevu, kisha mtu aishike nyuma chini aivute kuelekea mbele. Ikitoka, ni kubwa. Mashavu yabanwe mpaka utafune kwa shida kidogo. Helmeti ya mtumba usinunue kabisa, kwani povu la ndani likishapondwa mara moja halirudi, na kwa nje huoni kitu.

Vibati vya kufungia kamba za HANS vije na helmeti, au vifungwe kwenye matundu ya kiwandani. Kutoboa helmeti kwa drili ni kuiua. HANS zenyewe huuzwa kwa nyuzi za mwinamo. Ile ya nyuzi 20 ndiyo ya mtu anayekaa wima kama kwenye rali, na ya 30 ni ya anayelala nyuma.

Halafu zidisha kila kitu kwa mbili. Mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, naye ana shingo. Bajeti nyingi za kwanza huharibika hapa: dereva kavaa vya dola 1,500, mwelekezi kaazima.

Nguo ni ovaroli ya FIA 8856-2018 juu ya nguo za ndani zisizoshika moto, soksi na viatu vya aina hiyo hiyo, na glavu kwa dereva. Fulana ya nailoni au poliesta ndani ya ovaroli huyeyuka na kuganda ngozini, afadhali ubaki bila fulana. Romain Grosjean, dereva wa Formula 1, alikaa ndani ya moto takriban sekunde 28 huko Bahrain mwaka 2020 akatoka kwa miguu yake. Alichoungua zaidi ni mikono. Kwa hiyo kwenye glavu usibane pesa.

Kiti na mikanda

Kiti cha FIA 8855-1999 kina miaka mitano tangu kutengenezwa. Vya 8855-2021 na 8862-2009 vina miaka kumi. Mwaka umeandikwa kwenye lebo, na viti vingi vya "bei ya rafiki" sokoni vimebakiza miezi tu. Kiti cha mtumba kikaguliwe bila kitambaa. Gonga ganda la faiba kwa sarafu pande zote. Mlio mkavu ni mzima, mlio uliokufa una ufa ndani. Chagua chenye mbawa za kichwa. Septemba 2005, katika Wales Rally GB, Michael Park, mwelekezi wa Markko Märtin, alifariki gari lao lilipogonga mti ubavuni. Kichwa kinapokwenda pembeni, mbawa ndizo zinazokidaka kwanza.

Kila kiti kishikwe sehemu nne kwa boliti za milimita 8 au zaidi, na mabano ya chuma ya unene wa milimita 3 yakiwa na sahani za kuimarisha chini ya sakafu. Reli za kiwandani za kusogeza kiti zing'olewe, meno yake hayakutengenezwa kwa mzigo huu. Unapoweka kiti, kisogeze ndani kuelekea katikati ya gari kadiri usukani unavyoruhusu. Kila sentimita unayoiacha kati ya bega na mlango ni chuma kinachoweza kukunjika kabla hakijakufikia, na haigharimu senti.

Mikanda iwe ya ncha sita, FIA 8853-2016. Mpya huanzia dola 150 hivi. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye lebo ya kila mkanda, na lebo ikikatika mkanda umekufa machoni pa mkaguzi. Jua letu nalo lina yake: gari likilala nje mchana kutwa bila turubai, uzi hufifia na kukakamaa kabla ya tarehe.

Kosa kubwa liko kwenye pembe. Kaa kitini ukiwa umevaa kila kitu, HANS ikiwa mabegani, kisha mtu apime kwa simu yenye programu ya kupima mwinamo. Kwa anayevaa HANS, mikanda ya mabega iende nyuma ikiwa karibu sawa na usawa wa ardhi au ikishuka kidogo, kati ya nyuzi 0 na 20. Ukiifunga sakafuni nyuma ya kiti, inashuka mno, na siku ya kugonga inauvuta uti wa mgongo kuelekea chini kama mtu anayekandamiza chemchemi. Ifunge kwenye bomba la mlalo la keji nyuma ya kiti, ilingane kulia na kushoto.

Mkanda wa nyonga upite kwenye matundu ya kiti na ulale kwenye kona kati ya mfupa wa nyonga na paja. Ukikaa tumboni, mwili huteleza chini yake na mkanda hukata utumbo. Sehemu ya kuufungia itakiwe kuhimili mvuto wa karibu kilo 1,500. Hapo weka sahani ya chuma ya milimita 3 yenye eneo la sentimita za mraba 40 au zaidi, na boliti ya jicho ya inchi 7/16 au ya M12 (unene wa milimita 12) yenye alama ya ugumu 8.8. Bati la sakafu peke yake huchanika kama karatasi.

Kufunga nako kuna mpangilio: nyonga kwanza mpaka iume, kisha ile inayopita kati ya mapaja, mabega mwisho. Mkifika mwanzo wa mkondo (kipande cha njia iliyofungwa mnachoshindania muda) kazeni tena, kwa sababu barabara ya kawaida ya kuunganisha mikondo imekwisha kuwakalisha upya. Wekeni visu viwili vya kukatia mikanda, kila mtu akifikie chake akiwa amefungwa. Kwenye droo ya dashibodi hakikufai.

Keji, na kwa nini bomba la maji si bomba

Hapa ndipo pesa ndogo huokolewa kwa hasara kubwa. Fundi wa kuchomelea mageti atakwambia ana bomba zuri, nene, la bei nafuu. Analokuonyesha ni bomba la maji lenye zinki. Bomba la inchi moja na robo la daraja la kati lina uzito wa karibu kilo 3.1 kwa mita. Bomba sahihi la milimita 40 kwa 2 lina kilo 1.9. Kwa hiyo unabeba uzito zaidi, halafu unapata kinga pungufu. Bomba la maji huzungushwa kutoka bati na kuungwa kwa mshono wa urefu wote, na likipigwa linaweza kupasuka kufuata mshono huo. Zinki nayo ikichomelewa hutoa moshi unaompa fundi homa usiku, na huacha vitundu ndani ya weldi.

Kinachotakiwa ni chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, chenye nguvu ya kuvutwa isiyopungua niutoni 350 kwa milimita ya mraba. Upinde mkuu, ule wa nyuma ya vichwa, uwe milimita 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2.0. Sehemu nyingine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Dai cheti cha kiwanda kutoka kwa muuzaji, mkaguzi anaweza kukiomba. Dukani, ingiza kidole ndani ya ncha iliyokatwa na ukizungushe polepole. Mshono utausikia kama mstari mwembamba ulioinuka, hata kama nje umesagwa ukang'aa. Lakini kuna mabomba yanayosagwa hata ndani, kwa hiyo kidole hakichukui nafasi ya cheti.

Saluni ndogo yenye upinde mkuu, pande za mbele, miguu ya nyuma, misalaba ya milangoni na msalaba wa nyuma hula mita 25 hadi 30. Ikimalizika iwe na kilo 50 hadi 60. Keji ya kilo 30 imepunjwa mahali.

Kukunja kufanywe kwa mashine yenye kalibu ya kipenyo hichohicho, kwa ubaridi, na mzunguko wa kona usipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Pima kona kwa kalipa: kipenyo kidogo ukigawe kwa kikubwa, jibu liwe 0.9 au zaidi. Kona iliyojaa mikunjo upande wa ndani, au iliyokunjwa kwa kujaza mchanga na kupasha moto, itupwe. Hiyo ni bawaba. Gari likipinduka itakunjika hapohapo.

Miguu ya upinde mkuu na ya mbele isimame kwenye sahani za milimita 3 zenye eneo la sentimita za mraba 120, na ya nyuma 60. Kwa keji ya boliti, weka angalau boliti tatu za M8 zenye alama 8.8 kwa kila mguu, mbili kwa miguu ya nyuma. Alama hiyo iko kwenye kichwa cha boliti. Boliti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia meza. Na sahani isikae juu ya kutu: piga nyundo kizingiti cha mlango chote kwanza, pakisikika laini kata mpaka bati zima.

Sasa weldi. Mashine iwe ya waya na gesi, na rangi isagwe mpaka chuma kiwe cheupe. Betri itolewe na kompyuta ya injini ichomolewe kabla ya cheche ya kwanza. Kila kiungo kichomelewe mzunguko wote, na hapa ndipo mafundi wengi hushindwa bila kusema: sehemu ya juu ya kiungo, inayotazama paa, haifikiki, basi wanaiacha. Njia ni kukata matundu sakafuni chini ya miguu, kuishusha keji yote sentimita kumi na tano hivi, kuchomelea juu kwa nafasi, kuipandisha, kisha kuweka sahani za miguu mahali pake. Wewe mwenyewe kagua kwa tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Pitisha kioo juu ya kila kiungo karibu na paa. Ukiona mstari wa weldi unakatika na bomba tupu linaanza, keji haijaisha na malipo ya mwisho hayajafika. Ukiona weldi imefunikwa na putty na rangi nzito, ikwangue. Weldi nzuri haihitaji kufichwa.

Pale helmeti inapoweza kugonga bomba, funga povu gumu la FIA 8857-2001 aina A. Lile povu jeusi la mabomba ya maji ya moto ni laini kama mto. Kichwa hulipita kana kwamba halipo, kikakutana na chuma.

Moto na vitu vinavyoruka

Moto wa rali mara nyingi huanza na mpira wa mafuta uliochubuliwa na jiwe, oili iliyomwagikia egzosi, au waya wa betri uliokatwa na bati lililokunjwa. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni njia za mabomba. Bomba la petroli na la breki yapitishwe ndani ya gari, yakingwe, na ndani ya kabini kusiwe na viungio isipokuwa pale yanapopita kwenye kuta za mbele na nyuma. Mpira wa petroli ubadilishwe kila msimu. Bei yake ni ya soda chache.

Mtungi wa mkononi wa kuzimia moto: lita 2.4 za povu la aina ya AFFF, au kilo 2 za unga. Unga ni rahisi na unaua moto haraka, ila ndani ya kabini unapofusha na kuziba pumzi, na mtikisiko wa barabara za murami huugandisha chini ya mtungi. Kama bajeti inaruhusu, chagua povu, na uweke pia mfumo wa kudumu unaopuliza kwenye injini na kabini kwa kuvuta waya au kubonyeza kitufe. Kila mtungi ukaguliwe ndani ya miaka miwili tangu kujazwa au tangu ukaguzi wa mwisho. Baina ya hapo pima uzito kwa mizani ya jikoni na ulinganishe na ulioandikwa. Pini ya usalama ya mfumo hutolewa kabla ya mkondo na kurudishwa mkifika sevisi. Timu nyingi huisahau ndani, basi ifungeni utepe mwekundu mrefu unaomgusa mwelekezi mkononi.

Mtungi wa kilo 2 kwa g 25 unakuwa mzigo wa kilo 50. Ndiyo sababu unafungwa kwa mikanda miwili ya chuma na kizuizi cha kuuzuia kuchomoka, na bano la plastiki lililokuja nalo dukani litupwe. Fikiria vivyo hivyo kuhusu jeki, spana ya magurudumu, chupa ya maji na hasa tairi la akiba. Tairi na rimu yake ni kilo kumi na tano au zaidi. Boliti ndefu katikati na mkanda wa kukaza juu yake. Kamba ya mpira haifungi kitu.

Swichi ya kukata umeme izime gari lote pamoja na injini, ivutwe kutoka ndani na kutoka nje. Nje hapo bandika pembetatu ya buluu yenye radi nyekundu, kitako chake sentimita 12. Kwa mtungi, herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe la sentimita 10. Swichi ijaribiwe injini ikiwa inaunguruma. Swichi iliyofungwa vibaya hukata taa, huku altaneta ikiendelea kuilisha injini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Breki hupitwa harakaharaka, lakini oili yake ndiyo usalama wa bei rahisi kuliko wote. DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230. Ikinywa unyevu, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155, na kanyagio huzama mwishoni mwa mteremko. Ibadilishe kabla ya kila mashindano.

Jumla inakuja ngapi?

Kwa watu wawili na gari moja, bila anasa:

Helmeti mbili zenye intakomu (ya kuongea kati ya dereva na mwelekezi): 900
HANS mbili: 700
Ovaroli mbili: 900
Nguo za ndani, soksi za kichwa na miguu, glavu, viatu: 700
Viti viwili: 700
Mikanda seti mbili: 400
Mtungi wa mkononi na mfumo wa kudumu: 550
Swichi, povu la keji, visu, pembetatu, vibandiko: 250
Keji, bomba na fundi wa hapa: 900

Hiyo ni dola 6,000. Toa keji, zinabaki 5,100 za kuagiza. Ongeza nusu zinakuwa 7,650, rudisha keji, ni 8,550. Inatisha. Lakini gawa kwa miaka mitano, ambao ndio uhai wa kiti cha bei ya chini, na kwa mashindano matano kwa mwaka: ni dola 342 kwa kila shindano, kwa roho mbili. Hata ukichelewa, nunua kwa mpangilio wa mwongozo huu, kuanzia kichwani. Helmeti, HANS na nguo utahama navyo ukibadilisha gari. Keji utaiuza pamoja na bati.

Sasa gharama za kila safari. Tuseme shindano lina kilometa 100 za mikondo na 150 za kuunganisha. Kwenye mkondo hesabu lita 35 kwa kilometa 100. Kuunganisha, kwa lita 12 kwa 100, ni lita 18. Kukagua njia na kuandika noti za kona atakazosoma mwelekezi, kwa gari la kawaida, pamoja na kwenda na kurudi, kilometa 500: lita 60. Gari la sevisi kilometa 300: lita 36. Jumla lita 149, na kati ya hizo zilizochomwa kwa ushindani ni 35 tu, chini ya robo. Anayesumbuka kupunguza matumizi ya injini ya rali anachuna majani, shina liko kwenye misafara inayomfuata. Shirikianeni: timu mbili zenye gari la aina moja, pikapu moja ya sevisi, jenereta moja, seti moja ya spea kubwa. Hapo ndipo pesa hurudi.

Tairi ndizo mdomo mkubwa zaidi. Kwa gari dogo linalovutwa na tairi mbili, panga sita kwa shindano, mbili zikienda mbele zikiwa mpya. Tairi za rali zilizotumiwa na timu za magari makubwa hupatikana nusu bei au chini. Zikague ubavuni kwa ndani, siyo kashata za nje tu, maana mchubuko wa jiwe upande wa ndani hauonekani gari likiwa limesimama.

Chagua gari ambalo shokapu, mkono wa chini na ekseli yake vinapatikana katika kila mji wenye duka la spea. Kisha tenga akiba niiitayo fungu la kona moja: rimu, tairi, mkono wa chini, shokapu, ekseli na habu, vyote vya kona moja ya mbele. Hicho ndicho kinachovunjika ukikosea kidogo. Kama fungu hilo halipo mfukoni kabla ya kulipa ada ya kuingia, subiri shindano lijalo. Bamba la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini) liwe alumini ya milimita 6 au chuma cha 3 hadi 4. Bila hilo, jiwe moja la Naivasha, Kenya, au la njia yoyote ya mashambani hula injini nzima.

Bima isomwe kabla. Bima nyingi za magari ya kawaida huandika wazi kwamba mbio na majaribio ya kasi hayamo, na bima nyingi za matibabu za watu binafsi hivyohivyo. Kwenye barabara za kuunganisha uko kati ya matatu, daladala na ng'ombe. Uliza kwa barua, pewa jibu kwa barua: nani anamlipa mtu wa tatu kati ya mkondo na mkondo, na nani anamlipia mwelekezi hospitali.

Zoezi la uani

Kabla ya shindano la kwanza, fungeni mikanda mkiwa mmevaa kila kitu, mtu apige saa, tokeni. Jiwekeeni sekunde 10. Kamba ya intakomu ndiyo inayonasa mara nyingi, basi iwe na kiungio kinachochomoka chenyewe kikivutwa. Rudieni macho yakiwa yamefumbwa, kisha mtokee mlango wa upande mmoja tu. Gari likiwa limelala juu chini, usifungue mkanda kwanza: mkono mmoja usukume paa, miguu ikazwe, ndipo mkono wa pili ufungue. Asiyefanya hivyo huangukia shingo ile ile aliyoinunulia HANS.

Kibao cha SOS na OK, ukubwa wa A3, kikae mlangoni kwa mwelekezi. Mkisimama na mko salama, onyesheni OK ya kijani kwa gari linalofuata mara moja. Mkiwa na majeruhi anayehitaji daktari, onyesheni SOS nyekundu, na kila atakayeiona lazima asimame asaidie. Anayefuata baada yake hupeleka habari kituo cha redio kilicho mbele. Pembetatu inayoakisi mwanga iwekwe angalau meta 50 nyuma ya gari, upande uleule wa barabara. Kwenye vumbi jepesi kama poda la Naivasha, wale waliopanda magari ya rali huliita fesh-fesh, meta 50 hazitoshi ikiwa gari limelala baada ya kona: mwelekezi apande nayo hadi kabla ya kona, akitembea nje ya barabara, helmeti kichwani.